Mwano wa Ukuta wa Nyuma

Darasa letu la tano lilikuwa na kuta nne, na tatu kati ya hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na ule wa nyuma, uliotazama mashamba ya pamba, ambao mgeni rasmi hakuuona siku alipokuja kukata utepe. Nikiutaja hadi leo sauti inapanda, na wajukuu wananicheka. Wanasema, bibi, ukuta wenyewe ulishakufa, uache upumzike. Nami nawajibu kwamba ulikufa ukiwa umekusudia kufa na mimi, na kwamba wapo watu waliouzuia ambao hawajapata kushukuriwa inavyostahili. Nikiwa bado nina pumzi, nitawashukuru.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kahama, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Bugarama. Watu walilima pamba na mahindi, walifuga ng'ombe, na wengine, hasa vijana waliotoka mbali, walichimba dhahabu kwenye mashimo waliyoyaita maduara. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoamua kwamba kila mtoto lazima asome. Uamuzi huo nauheshimu mpaka kesho, maana bila huo mimi, binti wa saba katika nyumba isiyo na makuu, ningekuwa nachunga ndama mpaka naolewa. Shida ni kwamba watoto waliamriwa kuingia madarasani kabla madarasa yenyewe hayajakuwapo. Ikatoka amri nyingine: kila kijiji kijenge kwa nguvu zake, serikali italeta bati. Bati zilikuja kweli, nisije nikakosa fadhila.

Matofali waliyafyatua akina mama. Walichimba udongo, wakaukanyaga kwa miguu, wakachota maji kisimani kwa zamu, na mama yangu alikuwamo tangu tofali la kwanza. Wanaume walikwenda kutafuta kuni, na kuni kwetu hazikuwa karibu, kwa hiyo zilikuja kidogo kidogo kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Fundi aliyejua matanuru akasema moto ukae siku tatu, kisha tanuru liachwe wiki nzima lipoe. Siku ya pili akafika katibu wa kata na baiskeli yake. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kudumu, hata akinywa maji alikuwa kama anafukuzwa. Akasema mgeni rasmi anakuja mwisho wa mwezi na anataka kukuta jengo limesimama. Tanuru lifunguliwe.

Likafunguliwa. Matofali yaliyokuwa karibu na moto yalikuwa yameiva vizuri. Ya pembeni na ya juu yalikuwa udongo mkavu tu uliopakwa moshi. Mafundi wakayachagua: yaliyoiva wakayapeleka ukuta wa mbele unaotazama barabara na kuta mbili za ubavuni, mabichi wakayapeleka nyuma. Saruji miaka ile haikupatikana hata ya kusakafia kaburi, kwa hiyo ukuta ulipigwa lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga mwororo ambao wachimbaji walikuwa wamekwisha kuuosha, kisha ukapakwa chokaa. Ulipendeza jamani. Ulimetameta hata watu wawili watatu wakaja kuukwangua kwa siri wakidhani wachimbaji wameacha dhahabu. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, ingawa mpaka anaingia kaburini alikana.

Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akapigiwa ngoma, akala, akaondoka. Nyuma hakwenda.

Nilipofika darasa la tano ukuta ulikuwa umekwisha kuonyesha tabia yake. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, ambako mchwa walikuwa wamekula mti wa juu, ukashuka hadi sakafuni. Mvua za kwanza ungeweza kupitisha bua la mtama. Mvua zilizofuata mkono wa mtoto ulipita, na tulipitisha, watoto ni watoto, tukashikana mikono na wenzetu waliosimama nje. Mwalimu mkuu alitukuta akatuchapa, kisha akaingia ofisini kwake akaandika barua. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, kila herufi imeketi mahali pake. Aliandika kwa kata, akaandika kwa tarafa, akaandika kwa wilaya, na alipomaliza akaanza upya. Namshukuru mzee yule. Kuandika barua isiyojibiwa, kisha kuandika nyingine kwa mwandiko uleule mzuri, si kazi ya mtu mwepesi.

Baba na wazazi wengine wawili waliwahi kupanda lori la pamba hadi wilayani. Walikaa kwenye benchi kutwa nzima. Jioni wakaambiwa suala lao linashughulikiwa. Walirudi tena baada ya mavuno, wakamkuta mtu mwingine kwenye meza ileile, naye akawaambia linashughulikiwa, akaongeza kwamba wasubiri bajeti. Baba alirudi nyumbani akavua viatu, akasema, "Ukuta ule haujui kusoma bajeti."

Mtu asiyejua mambo ya wakati ule atauliza kwa nini wazazi wasiubomoe wenyewe wajenge mwingine. Waliuliza hivyo hivyo mkutanoni. Katibu wa kata akawaambia kwamba jengo likishafunguliwa ni mali ya serikali, na kugusa mali ya serikali kunahitaji kibali. Kibali kinatoka wapi? Wilayani. Kinaombwaje? Kwa barua. Mama mmoja aliyekaa mbele alicheka mpaka akajifuta macho na kanga, na haikuwa furaha. Tukaweka magogo ya kuuegemeza kwa nje. Mchwa wakayala.

Kisha donge la tofali likadondoka kutoka juu ya dirisha likampiga mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, safu ya nyuma kabisa. Lilimvunja mtulinga. Mpaka leo bega lake moja liko chini kidogo kuliko lingine, na tukikutana sokoni huwa ananisukuma kwa bega hilo hilo kwa utani. Siku ile hakuna aliyetania. Kesho yake nusu ya darasa haikuja. Wazazi walikuwa wameamua watoto wabaki nyumbani mpaka mtu wa serikali aje aone.

Mtu wa serikali alikuja, ila hakuja kuona ukuta. Katibu wa kata alipita nyumba kwa nyumba na daftari la mahudhurio. Alifika kwetu mama anatwanga, baba hayupo, amekwenda Kharumwa kwenye msiba wa shangazi yake.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mhola," mama akajibu kwamba ni salama, bila kuacha mchi.

"Mtoto huyu hajaenda shule siku ya pili leo. Sheria unaijua. Mzazi anayemzuia mtoto anafikishwa mahakama ya mwanzo."

"Na ukuta unafikishwa wapi?"

"Mayu, mimi nimetumwa mahudhurio. Ukuta una watu wake."

Mama akaweka mchi chini. Akasema nitakwenda kesho. Nilishangaa sana, maana mama yangu hakuwa mtu wa kusalimu amri. Nilikasirika pia. Nilidhani ameogopa.

Usiku huo mvua ilinyesha. Asubuhi mama akanishika mkono, akanipeleka shule mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya kuandikishwa. Hakupitia mbele. Alizunguka nyuma, akasimama kwenye tope, akautazama ule ukuta. Lipu ilikuwa imebanduka yote usiku na matofali yalikuwa wazi, meusi kwa maji, yametoa tumbo kuelekea ndani. Kengele ikalia ya kuingia darasani. Wenzangu wakaanza kupanga mstari. Mama akaniachia mkono, akarudi hatua mbili, akaweka viganja mdomoni na kupiga mwano.

Mwano ni yowe letu sisi Wasukuma la hatari. Unapigwa ng'ombe wakiibwa, fisi akiingia zizini, nyumba ikiungua. Ukiusikia unaacha chochote ulichoshika unakimbilia unakotokea, na ukiusikia nyumbani kwako ni lazima uupokee na kuupeleka mbele ili wa mbali nao wausikie. Asiyekwenda anatozwa dume la ng'ombe. Mama yangu alikuwa na kifua cha kupiga yowe. Ule wa kwanza uliwarusha ndege kwenye paa la shule. Wa pili ulijibiwa ng'ambo ya mbuga. Baada ya hapo kijiji kizima kilikuwa kinalia.

Walitoka kila upande. Wanaume walikuja na mikuki na marungu, wanawake na michi, wachimbaji na sururu zao, vumbi limewajaa nywele. Kiongozi wa walinzi wa kijiji, ambaye ndiye mwenye kauli mwano ukipigwa, alikuwa anahasi dume, akaja na mikono yake ilivyo, ina damu, na hasira ya mtu aliyeacha kazi nusu. Wakatuzingira.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza.

Mama akanyoosha kidole. "Huyo hapo."

Wote wakatazama. Yule kiongozi akatazama kuliko wote, akainama hata kuchungulia nyuma ya matofali yaliyodondoka.

"Mayu, hapo kuna ukuta."

"Ndiyo. Ukuta."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Kiongozi hakucheka.

"Umepiga mwano kwa ajili ya ukuta?"

"Nimepiga. Mwizi anachukua ng'ombe. Huyu anataka watoto wenu."

"Mwano wa bure adhabu yake unaijua?"

"Dume moja."

"Unalo?"

"Sina. Nina ng'ombe mmoja, ananyonyesha ndama."

"Na asiyelipa?"

"Anatengwa," mama akasema.

Kutengwa nilikujua. Kulikuwa na familia iliyotengwa upande wa bondeni: hawakupewa moto, hawakusalimiwa kisimani, watoto wao walicheza peke yao, na msiba ulipowafika walizika wenyewe. Baadaye walihama. Niliona kanga ya mama imechanika pindoni, miguu yake ina tope hadi kwenye magoti, kilemba kimeanguka, na shule nzima inamtazama. Msichana wa darasa la sita akanigusa. "Si mama yako yule?"

"Hapana," nikasema. "Mama yangu yuko shamba."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Aibu yake ninayo bado.

Mama alikuwa anazungumza. Alizungumza Kisukuma, na haraka, lakini sauti haikupanda. Alisema matofali ya ukuta ule aliyatoa yeye kwenye tanuru kwa mikono yake. Alijua ni mabichi, tofali bichi mkono unalijua kabla ya jicho. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amechoka na mtoto alikuwa analia nyumbani. "Na nyinyi mliojenga mlijua," akasema. "Sote tulijua, tukapiga ngoma. Kwa hiyo dume nitalitafuta. Sikatai. Lakini kwanza kila mwanamume anayesema mwano huu ni wa bure, aingie akakae kwenye dawati la mwanawe. Akae mpaka kengele ya mapumziko. Ikilia mmekaa, nitalipa madume mawili."

Mwalimu mkuu alitoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Katibu wa kata naye alikuwa amefika, baiskeli ameiegemeza mbali kidogo. Mama akamgeukia. "Na wewe, baba."

"Wangu wanasoma mjini," katibu akasema.

Hakuna kitu alichowahi kusema mtu yule kilichowaingia watu kama hicho. Niliwaona wanaume wanageuza vichwa kumtazama, mmoja mmoja. Kiongozi wa walinzi akafuta mikono kwenye majani, akachomeka mkuki wake ardhini, akaingia darasani. Mwanawe alikaa safu ya nyuma, jirani na sisi. Akaenda kukaa hapo. Magoti yalimgonga kidevuni. Kisha akaingia baba wa yule mwenzangu aliyevunjika, kisha wengine, mpaka mikuki ikawa imesimama uwanjani kama shamba, na ndani darasa limejaa wanaume wazima wamekunja miguu kwenye madawati ya watoto, wanatazama ubao uliobaki na hesabu za jana.

Tulichungulia madirishani. Mwanzoni walitaniana, mmoja akanyoosha kidole juu, "Mwalimu, naomba kwenda nje." Wakacheka. Kisha wakanyamaza, na walipokuwa kimya ndipo waliposikia kile tulichokuwa tukikisikia sisi kila siku. Ni mlio mdogo, wa mchanga unaomiminika mahali usipouona. Unaacha, unaanza tena. Vumbi likawashukia kichwani wale wa nyuma. Upepo ulipopita, miti ya paa ilinung'unika na ule ufa ukafumba kidogo, ukafumbua. Nilimwona kiongozi akitazama juu, halafu akatazama kiti alichokalia, kidogo kile, akakishika kwa mkono kama anakipima.

Kijana mmoja mchimbaji, asiye na mke wala mtoto pale kijijini, alikuwa ameingia tu kwa kuwafuata wengine. Alikwenda hadi ukutani, akaweka kiganja, kisha sikio. Alipogeuka alizungumza Kiswahili cha polepole, cha mtu anayejua kwamba si kwao.

"Wazee wangu, shikamooni. Duarani tukisikia mchanga unadondoka hivi, hatuagani. Tunatoka."

Hawakukimbia. Hilo ndilo nililolistaajabia na ndilo ninalowashukuru, kwa sababu wangekimbia wangeuangusha. Kiongozi alisimama taratibu, akawaashiria kwa mkono, safu ya mbele kwanza, kisha ya pili, naye wa mwisho. Walitoka wakinyata, kama watu wanaotoka chumbani mtoto amelala. Kengele ya mapumziko ilikuwa bado sana.

Nje, kiongozi alichukua mkuki wake. Alikuwa na chokaa kwenye nywele. Akasema, "Mwano ni wa kweli." Kisha akafikiri, maana alikuwa mtu wa taratibu, akaongeza, "Na huu haukupigwa leo. Mwalimu ameupiga kwa barua miaka mitatu. Aliyeusikia asije anatozwa. Kwa hiyo wilaya tunaidai dume."

Watu walicheka hapo kicheko cha kweli, hata mwalimu mkuu. Katibu wa kata alisema maneno kuhusu kibali, lakini wachimbaji walikuwa wamekwisha kupanda juu ya paa.

Bati zilishushwa moja moja, mwalimu mkuu akizihesabu na kuzipanga kivulini. Madawati yakatolewa, ubao ukatolewa, miti ikashushwa. Wale vijana wa maduara ndio walioongoza, kwa sababu walijua kitu kizito kinaanguka vipi, na walitufukuza sisi watoto mpaka mbali tusikotaka. Wakafunga kamba kwenye tundu la dirisha, wakaleta ng'ombe wa kulimia jozi mbili. Ng'ombe hawakuvuta. Kamba ilikuwa inakazwa tu, mtu bado anamwita maksai kwa jina lake, ukuta ukajilaza. Ulianguka kwa ndani. Ulifunika mahali pa safu ya nyuma, na pa iliyo mbele yake, na pa ya tatu. Vumbi lilipotulia palikuwa na udongo tu, huwezi kujua kama uliwahi kuwa matofali.

Hakuna aliyeshangilia. Yule kiongozi alikwenda akasimama karibu na mahali alipokuwa amekaa. Mwanawe alikuja akasimama naye, baba akamwekea mkono kichwani, wakakaa hivyo. Wanawake wakaanza kuwaita watoto wao kwa majina, kila mmoja wake, ingawa wote tulikuwa pale tunaonekana. Mama aliniita. Nilikwenda, na sikuweza kumtazama usoni.

Sasa sikiliza serikali ilivyo na mbio ikitaka. Miaka mitatu ya barua haikuleta hata baiskeli. Ukuta ulianguka, na siku ya tatu Landrover ya wilaya ikawa imesimama uwanjani kwetu. Alishuka afisa, kijana, amevaa suti ya kaunda, mstaarabu kwa kweli, akaweka meza kivulini, kando ya zile bati, na kufungua jalada. Alikuja kuchunguza uharibifu wa mali ya umma. Akatoa ushahidi kwamba kijiji kilikuwa na nia hiyo tangu zamani, na ushahidi wenyewe ulikuwa barua za mwalimu mkuu. Zote. Zilikuwa zimetobolewa vizuri na kufungwa uzi, kila moja na mhuri wa kupokelewa.

Mwalimu mkuu aliomba kuzishika. Akazifunua moja moja kama mtu aliyepokea picha za watoto wake walio mbali. "Kumbe zilifika," akasema.

Afisa akauliza nani aliyeanzisha. Mama akasimama. Afisa akasema basi mama huyu atapanda gari, atakwenda kuandika maelezo wilayani. Nikasikia baba, ambaye alikuwa amerudi jana yake kutoka msibani, anavuta pumzi. Lakini kiongozi wa walinzi akaja mbele, akasalimia kwa heshima zote, akaeleza kwamba kwa desturi yetu mwano una mpigaji mmoja lakini jambo ni la wote walioupokea, na anayeupokea hafiki nusu ya njia akarudi. Kwa hiyo wote watakwenda. Kama gari halitoshi, watatembea. Watu walikuwa wamekwisha kufunga vibuyu vya maji.

Afisa aliwatazama. Nadhani alihesabu moyoni siku watakazokaa uwanjani kwake. Akavuta kiti, akasema maelezo yataandikwa hapa hapa.

Yaliandikwa mpaka jioni. Walipanga mstari kama wa chanjo. Kila mwanamume alikaa mbele ya meza akasema maneno yaleyale, bila kuambiana: nilikaa kwenye dawati la mwanangu, vumbi likanidondokea. Afisa aliandika. Nilikaa kwenye dawati la binti yangu, nikausikia mchanga. Akaandika. Mara ya kumi hivi aliacha kuuliza maswali. Baadaye akaomba aonyeshwe madawati, akaenda akayatazama, akarudi akaendelea kuandika kwa kichwa kilichoinama.

Kesi haikuitwa kamwe. Saruji haikuja pia, wala lile dume. Tulisoma msimu mzima nje, na tanuru lilipowashwa tena akina mama walilala kando yake kwa zamu, na yeyote aliyekuja na haraka zake alionyeshwa njia ya kurudia. Liliwaka siku nne. Darasa lile limesimama hadi leo, nimefundisha humo mwenyewe miaka kumi na moja kabla ya kustaafu, na kila nilipoandika tarehe ubaoni nilisema moyoni wabeja, asanteni, kwa kiongozi aliyekaa wa kwanza, kwa mchimbaji ambaye hakuwa na mtoto pale, kwa mwalimu wangu na barua zake. Hata kwa yule afisa, ambaye angeweza kufunga jalada mapema.

Ila kuna maelezo ya mwisho aliyoyaandika jioni ile, na hayo ni yangu. Watu walikuwa wamekwisha, afisa anapuliza wino ukauke. Nikaenda nikasimama mbele ya meza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini, mtoto?"

"Na mimi niandikwe."

Alitaka kunifukuza. Mwalimu mkuu akamwambia nilikuwa wa safu ya nyuma. Basi akachukua karatasi, akauliza kwa kuchoka, "Haya. Mwano ulimwona nani akiupiga?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni yupi?"

Alikuwa amesimama pale pale na wanawake wenzake. Nilikwenda nikamshika ile kanga.

"Huyu. Siku ile niliulizwa nikasema siye. Ni yeye."

Nilisikia tu mkono wake umekuja juu ya mkono wangu, una ngozi ngumu ya udongo. Afisa aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akanisomea kama alivyowasomea wakubwa: shahidi anasema kwamba mpiga mwano ni mama yake mzazi. Akaniuliza kama ndivyo nilivyosema. Nikasema ndivyo, akanipa kalamu nitie sahihi.